Je, tumenunua gari la nyikani wakati njia zinafungwa?

Swali: "Tunaishi Colorado, mimi, mke wangu na watoto wawili wa miaka 7 na 10. Tulinunua Toyota 4Runner ya 2014, na sasa nimetenga dola 14,000 za kuitengeneza: kuinua springi, matairi makubwa, hema la juu ya gari, winchi ya kulivuta likikwama, friji na kadhalika. Ndoto yetu ni kuzunguka ardhi za umma za Colorado na Utah kila kiangazi, tukilala porini bila kulipia kambi. Lakini rafiki zangu wamenichanganya. Mmoja anasema ardhi za umma zinauzwa. Mwingine anasema wanamazingira wamefunga njia zote za Moab, kule Utah. Wa tatu anasema niuze hili gari nisubiri la umeme, kwa sababu magari ya petroli yatapigwa marufuku huko. Na mimi sielewi jambo moja: ardhi ni ya umma, nikiona njia ambayo magari yameshapita na iko kwenye ramani ya simu, nani atanizuia? Niendelee au niache?"

Ndugu yangu, endelea. Ila usizimalizie zile dola 14,000 kwenye gari, na usiondoke nyumbani kabla ya kulipatia jibu lile swali lako la mwisho, la nani atakuzuia. Wewe umelitaja kama jambo la pembeni, lakini lina uzito kuliko mengine yote. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa mipango ya njia za magari katika ardhi za umma za magharibi mwa Marekani, na swali hilo huniuliza watu waliokwisha kuandikiwa faini. Wengi wao ni watu waungwana, wenye familia kama yako, walioamini kwamba njia inayoonekana ni njia inayoruhusiwa.

Nikikuelewa vizuri, unaogopa kuweka akiba ya familia kwenye jambo ambalo litafungwa kesho. Ni hofu ya haki. Rafiki zako watatu kila mmoja ameshika ukweli kidogo, kisha akauvuta kupita kiasi. Kinachokwisha ni ule uhuru wa kwenda popote na kulala popote bila kumuuliza mtu, hasa katika sehemu zinazopendwa na wengi. Safari zenyewe zitaendelea, na kwa mtu anayejua kusoma ramani rasmi na kuchagua sehemu zisizo na umaarufu, zitaendelea kuwa nzuri sana.

Kwanza ardhi yenyewe, maana haiko chini ya mkono mmoja. BLM, idara ya serikali kuu inayosimamia nyika na majangwa, ina ekari zipatazo milioni 245, karibu zote katika majimbo ya magharibi na Alaska. Idara ya Misitu ina zipatazo milioni 193. Safari zako nyingi zitakuwa kwa hawa wawili. Hifadhi za taifa ni wakali zaidi: Canyonlands ya Utah, kwa mfano, ina Barabara ya White Rim, mzunguko wa karibu maili 100 chini ya miamba mirefu, na unahitaji kibali hata ukiingia na kutoka siku hiyohiyo. Halafu kuna maeneo yaliyolindwa na Sheria ya Nyika ya 1964, ambako haruhusiwi mwenye injini wala mwenye baiskeli. Mipaka ya haya yote haina ukuta. Unaweza kuanza asubuhi kwenye ardhi ya BLM, ukaingia msituni, ukavuka kipande cha mtu binafsi, na kila mara sheria za kulala, za moto na za kuegesha zikawa zimebadilika bila wewe kuona kibao hata kimoja.

Rafiki wa kwanza anazungumzia jambo lililotokea kweli. Mwaka 2025 Seneta Mike Lee wa Utah aliingiza kwenye muswada wa bajeti kifungu cha kulazimisha kuuzwa kwa sehemu ya ardhi za BLM na za misitu, kiasi cha ekari milioni 2 hadi 3. Wawindaji, wavuvi, wenye magari na wanamazingira, watu wasioketi meza moja kwa urahisi, wote walipinga, na mwishoni mwa Juni kifungu kikaondolewa. Januari ya mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza shauri la jimbo la Utah lililohoji haki ya serikali kuu ya kuendelea kushikilia ekari milioni 18.5 jimboni humo. Nyuma ya hayo ipo sheria ya 1976 inayosema ardhi hizi zibaki mikononi mwa taifa, isipokuwa ionekane kwamba kuuza kipande fulani kuna manufaa kwa taifa zima. Jaribio la namna hiyo litarudi, sina shaka, na likirudi mpigie simu mbunge wako. Lakini si sababu ya kuuza gari mwaka huu.

Rafiki wa pili, huyu wa Moab, anastahili jibu refu, kwa sababu ukielewa jinsi njia inavyofungwa utaelewa mustakabali mzima wa mchezo huu.

Februari 1972 Rais Richard Nixon alitia saini amri iliyozitaka idara za ardhi ziamue magari yaende wapi na yasiende wapi, na katika kuamua zihakikishe zinapunguza madhara kwa udongo, maji, mimea, wanyama, na kwa watu wengine wanaotumia eneo hilohilo. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter akaongeza makali: msimamizi akiona magari yanaharibu mahali kwa kiwango kikubwa, apafunge mara moja. Yale maneno ya kupunguza madhara yanaonekana mepesi, ila kesi nyingi za njia za magari zimesimama juu yake. Kwa miongo kadhaa ofisi nyingi hazikuwa na watu wala muda wa kukagua kila njia, kwa hiyo ziliacha kila kitu kilivyo. Mashirika ya mazingira yakaenda mahakamani na kuuliza: tuonyesheni mlivyoipima njia hii, na hii, na hii. Ofisi ambayo haina karatasi ya kuonyesha hushindwa, jaji hurudisha mpango mezani, na kazi huanza upya.

Mwaka 2005 Idara ya Misitu iligeuza kanuni juu chini. Zamani katika misitu mingi njia ilihesabiwa kuwa wazi mpaka ifungwe. Tangu hapo imefungwa mpaka iandikwe kuwa wazi. Kila msitu huchapisha ramani rasmi ya njia za magari, inayojulikana kwa herufi MVUM, na hutolewa bure. Njia isiyokuwemo humo haina ruhusa, hata kama macho yako yanaiona, hata kama ina alama za matairi ya jana, hata kama hakuna kibao wala mnyororo. Ramani hiyo pia hutaja aina ya gari na miezi: njia inaweza kuwa halali kwa pikipiki lakini si kwa 4Runner, au ikawa wazi Julai na kufungwa Novemba. Kwa upande wa BLM, maeneo hugawanywa mara tatu: yaliyo wazi kabisa, yaliyofungwa, na yale ambayo gari huruhusiwa kwenye njia zilizotajwa tu. Sehemu kubwa ya nyika unayoiota huko Utah ni ya aina hiyo ya tatu. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba atakayekuzuia ni askari wa ardhi za umma, na hatahitaji kukuonyesha kibao, bali ramani.

Sasa Moab. Septemba 2023 BLM ilitoa mpango wa njia kwa eneo la Labyrinth Rims na Gemini Bridges, upande wa kaskazini-magharibi mwa mji. Ulitokana na makubaliano ya mwaka 2017 yaliyomaliza kesi iliyofunguliwa na wanamazingira. Eneo lilikuwa na zaidi ya maili 1,100 za njia. Mpango ulifunga kama 317, na zaidi ya 800 zikabaki. Makundi ya wenye magari nayo yakaenda mahakamani kuupinga. Anayekuambia zimefungwa zote anakosea. Lakini anayesema kilichofungwa ni kidogo hawatendei haki waliopoteza, kwa sababu miongoni mwa zilizofungwa zilikuwemo njia za kandokando ya Mto Green na makorongo yake, na mtu ambaye magoti hayamruhusu kutembea maili tano hatafika tena huko.

Mimi naona hivi. Katika mipango ya namna hii, sehemu ya njia zinazofungwa ni vipande vifupi visivyofika popote, au njia mbili tatu zinazokwenda sambamba mpaka mahali pamoja, na kuzifunga ni sahihi. Sehemu nyingine hufungwa kwa sababu hakuna mtu aliyefika mezani kueleza kwa nini zina thamani. Hii ya pili inaniuma, maana ingeweza kuzuilika.

Na kabla hujamlaumu yeyote, nenda ukaone ardhi yenyewe kwa karibu. Ukifika Utah, egesha gari, shuka, piga magoti pembeni mwa njia. Utaona udongo wenye rangi nyeusi, umejaa vinundu vidogovidogo, na ukiutazama vizuri kuna madoa ya kijani na ya manjano. Usiuguse. Hilo ni gamba hai. Ndani yake mna bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, pamoja na kuvumwani na mimea midogo laini iitwayo moss. Mvua ikinyesha bakteria hao husogea mchangani wakiacha nyuma nyuzi zenye utelezi. Ardhi ikikauka nyuzi hizo hubaki zikishikilia chembe za mchanga pamoja. Gamba hilo huzuia upepo usipeperushe udongo na huupa rutuba ya naitrojeni. Unene wake ni wa ncha ya kidole. Gurudumu likipita mara moja tu nyuzi hukatika, na kupona huchukua miongo.

Lakini angalia kinachofuata. Dereva wa kwanza alitoka njiani ili apige picha nzuri. Wa pili anaona alama za matairi, anadhani ni njia, anazifuata. Wa tano ana programu kwenye simu inayorekodi safari. Anaipakia, na sasa mstari huo unaonekana kwenye simu za watu wengine. Baada ya misimu michache una barabara kamili ambayo haijawahi kuruhusiwa na mtu yeyote, na mgeni kutoka mbali anaifuata kwa moyo safi kabisa. Njia nyingi za uongo huzaliwa hivyo. Ndiyo maana nasema ramani ya simu ni nzuri kwa kujua uko wapi, lakini haikupi ruhusa. Linganisha kila njia na ramani rasmi kabla hujatoka nyumbani, na ukifika njia panda isiyoeleweka, chukua ile unayoweza kuithibitisha.

Milimani kwenu Colorado uharibifu una sura nyingine. Theluji ikiyeyuka, katikati ya njia hutuama dimbwi. Dereva asiyetaka kuchafua gari, au anayeogopa kukwama, hupita pembeni juu ya majani. Pembeni napo pakilowa, anayefuata hupita mbali zaidi. Kufika Agosti, njia iliyokuwa na upana wa gari moja imekuwa uwanja wa matope, majani yamekufa, na maji ya mvua yanateremsha udongo mpaka kwenye kijito chenye samaki. Msimamizi akipita hapo na kamera, ana sababu zote anazozihitaji kwa ile amri ya 1972. Dawa yake ni kupita katikati ya dimbwi ikiwa umepima kina na unaweza kuvuka, na kugeuza ikiwa huwezi. Hakuna njia ya tatu. Na mageti yanayofungwa majira ya kuyeyuka kwa theluji yanaokoa njia hizo; ukiyakuta yamefungwa, shukuru tu.

Nimekaa sana kwenye njia, lakini kwa familia yako naamini mabadiliko makubwa zaidi yatakuja kwenye kulala. Kwa kawaida kwenye ardhi za BLM na za misitu mtu anaruhusiwa kupiga kambi nje ya kambi rasmi bila malipo, mara nyingi kwa siku 14 ndani ya siku 28, kisha lazima ahame. Ruhusa hiyo ndiyo inayosinyaa. Mwaka 2021, katika mabonde kadhaa yanayozunguka mji wa Crested Butte, Colorado, Idara ya Misitu iliacha utaratibu wa kulala popote. Sasa unalala kwenye sehemu zilizowekewa alama, na zikijaa unaendelea na safari. Alabama Hills, California, nako ni hivyohivyo: sehemu maalumu na kibali. Sababu hazifichiki: moto uliowashwa pasipofaa, magari yaliyoegeshwa juu ya majani, na kinyesi. Samahani kwa kulitaja wazi, lakini karatasi za chooni zilizotupwa nyuma ya mawe zimefunga kambi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Familia ya watu wanne ikilala mahali pamoja siku tatu bila choo, na wiki ijayo ije familia nyingine, jangwa ambalo halina unyevu wa kuozesha chochote haliwezi kulibeba hilo. Kwa hiyo kabla ya friji, nunua choo cha kubeba na mifuko yake, na uwafundishe watoto kukitumia bila aibu. Ni kifaa cha bei ndogo, na kitaheshimisha safari zenu kuliko winchi.

Kambi ya bure haitakufa, itasogea mbali. Jumamosi ya Septemba, majani ya miti ya aspen yakiwa ya dhahabu, usitegemee kupata nafasi karibu na mji maarufu. Jumanne ya mwezi huohuo, msitu wa jirani ambao hakuna anayeupigia picha, utalala peke yako. Ninyi mko Colorado, mnaweza kuchagua siku. Anayesafiri kutoka mbali kwa likizo ya wiki moja hana nafasi hiyo.

Kuna adui mwingine ambaye rafiki zako hawakumtaja, nami namhofia kuliko kesi zote: uzembe wa kukosa fedha. Idara ya Misitu ina barabara zenye urefu wa zaidi ya maili 360,000, nyingi zikiwa za zamani za kukatia miti. Sheria ya 2020 ilitenga hadi dola bilioni 1.9 kwa mwaka, kwa miaka mitano, kupunguza ukarabati uliolimbikizwa katika hifadhi, misitu na ardhi nyingine za umma. Mwaka 2025, wa mwisho kati ya hiyo mitano, idara hizi zikapoteza maelfu ya wafanyakazi. Mafuriko yakibomoa kalvati na mhandisi aliyekuwa aje kulitazama hayupo tena, barabara hufungwa "kwa muda", na muda huo hugeuka miaka. Hakuna mkutano, hakuna kesi, hakuna mtu wa kulaumiwa. Ndiyo maana sifurahii nikisikia watu wakishangilia tangazo la 2025 la Wizara ya Kilimo, ambayo Idara ya Misitu iko chini yake, kwamba inataka kufuta kanuni ya 2001 inayozuia barabara mpya katika ekari milioni 58.5 za misitu. Wanadhani watafunguliwa njia. Taasisi isiyoweza kutunza barabara ilizo nazo haitakutunzia za ziada.

Lakini usikate tamaa, kwa sababu watumiaji wamewahi kuokoa njia iliyokuwa karibu kupotea. Rubicon, ile njia ya mawe makubwa karibu na Ziwa Tahoe, mwaka 2009 ilipigwa na amri ya bodi ya maji ya California dhidi ya kaunti ya El Dorado na Idara ya Misitu: udongo, mafuta ya magari na kinyesi vilikuwa vinaingia kwenye maji. Kaunti na wenye magari walijitolea kufanya kazi pamoja, wakaimarisha sehemu zilizomomonyoka, wakajenga madaraja, wakagawa vifaa vya kuzolea mafuta yaliyomwagika na mifuko ya kubebea choo. Njia ikabaki wazi. Hakuna maandamano yaliyofanya hivyo. Ni sepeto na karatasi.

Nasema karatasi kwa sababu kila mpango wa njia hupitia kipindi cha maoni ya umma, na wewe, kama mtu anayeishi hapa, una haki ya kuandika. Nimesoma maelfu ya maoni hayo. Yale yanayosema "msifunge ardhi yetu!" huhesabiwa na kuwekwa kando, kama yale yanayosema "fungeni zote!" Yanayobadilisha uamuzi hutaja namba ya njia kama ilivyo kwenye ramani, huonyesha inakofika, husema nani anaitumia na kwa nini njia ya jirani haiwezi kuchukua nafasi yake, na kama kuna uharibifu hupendekeza tiba: funga kipande hiki, weka mawe pale, ruhusu Juni hadi Oktoba tu. Barua ya nusu ukurasa ya namna hiyo ina nguvu. Ukishirikiana na klabu ya magari ya eneo lako iliyopewa jukumu la kutunza njia fulani, ina nguvu zaidi.

Turudi kwenye pesa zako. Zaidi ya nusu ya ile orodha hamuihitaji. Njia nyingi zitakazowapendeza ninyi wanne, ukiwemo mzunguko wa Alpine Loop unaounganisha Silverton, Ouray na Lake City, kilomita karibu nne juu ya usawa wa bahari kwenye Engineer Pass, 4Runner iliyo na matairi mazuri, gia nzito na dereva mtulivu inaziweza kama ilivyotoka kiwandani. Anza na matairi magumu yenye ukubwa uleule, spea kamili ya tano, pampu ya upepo na kipimo chake. Kupunguza upepo ukiingia kwenye vumbi kunaifanya tairi ilale zaidi ardhini, gari lisitetemeke sana kwenye vijituta vya barabara vilivyo kama mabati, na magurudumu yasizungukezunguke yakichimba njia. Ni jambo la dakika chache, na linaokoa gari, migongo ya watoto na barabara kwa pamoja.

Uzito ndio unaoua magari haya. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko: kimeandikwa uzito wa juu wa abiria na mizigo. Toa uzito wenu nyote wanne, toa maji, toa vyakula. Kinachobaki ni kidogo kuliko unavyodhani, na hema la juu, keria, winchi, bampa la chuma na friji vinakimaliza kabla hujapakia hata blanketi. Gari lililozidiwa huchelewa kusimama, na likiwa na mzigo juu huwa jepesi kupinduka kwenye mteremko wa pembeni. Hema la ardhini lililo zuri halina ubaya wowote kwa watoto wa umri huo. Wataipenda hata hiyo kazi ya kulisimamisha. Springi na shokapu ziangalie baadaye, ukishajua kwa mizani mnabeba nini hasa. Pesa nyingine ziweke kwenye mafuta, kwenye kozi ya siku mbili ya kuendesha na kunasua gari, na kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza ya nyikani.

Rafiki wa tatu, wa umeme. Hakuna sheria inayopiga marufuku magari ya petroli kwenye njia za BLM au za misitu. Magari ya umeme yenye uwezo wa nyikani yapo, Rivian ilianza kuuza yake 2021, na utulivu wao kwenye mawe ni wa ajabu: nguvu inakuja kidogokidogo, bila kelele ya kufukuza wanyama. Lakini mlima, mchanga, baridi na mzigo hula umbali wa betri, na katikati ya jangwa hakuna atakayekuletea umeme kwenye dumu. Kwa safari ya siku moja kutoka mji wenye chaja ni chaguo zuri tayari. Kwa familia inayotaka siku nne mbali na lami, kwa sasa kaa na ulilo nalo, na ulitunze. Tazama tu chini yake mara kwa mara mkiwa kwenye nyasi kavu za kiangazi: bomba la moshi lenye joto linaweza kuwasha nyasi wakati mnakula. Usiegeshe juu ya majani makavu hata kwa dakika mbili.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi, lazima uonane na mtu. Kabla ya kila safari ya eneo jipya, piga simu au pita ofisi ya wilaya ya msitu au ofisi ya BLM inayohusika, uulize mambo matatu: njia hii iko wazi leo, kuna katazo gani la moto, na kuna sehemu iliyobomoka? Ramani inaweza kuwa ya Machi na mafuriko yakawa ya juzi. Ukikuta geti kwenye njia ambayo ramani inasema iko wazi, usilizunguke wala kulifungua. Andika namba ya njia, piga picha, uwaulize ofisini, kwa sababu huenda ni dharura, na huenda ni mtu binafsi amefunga asichokimiliki, na kulitatua hilo ni kazi yao. Mlio mpya kwenye magurudumu, breki laini, au gari linaloyumba likipakiwa, mpelekee fundi anayezijua gari hizi kabla hujapanda mlima tena. Na winchi au kamba ya kuvutia usiitumie kwa mara ya kwanza kwa kufuata video: kamba iliyovutika ikikatika inaweza kuua aliyesimama karibu. Tafuta mkufunzi, mke wako naye ajifunze, kwa sababu siku ya kukwama huenda wewe ndiye utakayekuwa umeumia.

Sehemu kubwa ya huko hamna mtandao wa simu. Beba kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti, jifunze kukitumia mkiwa nyumbani, na mwachie ndugu mmoja karatasi yenye njia mtakazopita, rangi na namba ya gari, na saa ambayo, msiporudi wala kusikika, ampigie sherifu wa kaunti hiyo. Colorado sherifu ndiye anayeanzisha utafutaji, kwa hiyo hakikisha jina la kaunti limeandikwa pale juu kabisa.